Kabla ya kuitazama video, kocha anauliza ripoti ya shule

Mtoto anayekulia Jangwani hahitaji kutafutiwa mpira. Makao makuu ya Yanga, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, yapo hapo hapo kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Ukitembea kidogo kuelekea Kariakoo unafika Mtaa wa Msimbazi, kwa Simba. Ukiendelea hadi Kidongo Chekundu kuna kituo cha michezo cha vijana kinachobeba jina la Jakaya Kikwete. Katikati ya hapo ni chandimu kila penye nafasi, na ikifika msimu wa Ndondo mitaa inahama.

Ndiyo maana wazazi wa eneo hili hukutana na swali moja mapema kuliko wengine. Mtoto ana mguu, watu wameanza kumtaja, na yuko Kidato cha Pili. Aachwe acheze, au abanwe asome? Wengi hujibu kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Kisha wanachagua moja na kuifunga nyingine.

Lipo soko moja la wachezaji ambalo halimchukui aliyechagua moja. Ni la vyuo vikuu vya Marekani. Huko kocha anatafuta wachezaji kila mwaka na ana nafasi za kutoa, lakini hawezi kumwingiza chuoni kijana ambaye alama zake hazimruhusu. Na alama anazoziangalia zinaanza kuandikwa wakati mtoto bado ana miaka 14 au 15, kipindi ambacho wazazi wengi hudhani bado ni mapema.

Mama mmoja mwenye meza ya vitenge Mtaa wa Congo alilifahamu hilo akiwa na siku nne tu za kuamua. Mwanawe, kiungo, alikuwa Kidato cha Pili. Mtu wa timu moja ya vijana alikuja nyumbani Jumatatu jioni na fomu mkononi. Timu ingeweka kambi nje ya Dar es Salaam, kijana angepewa chakula, malazi na posho kidogo, na jibu lilitakiwa Ijumaa.

"Na shule?" mama aliuliza.

"Shule ipo tu, mama. Akitulia atafanya QT."

Kwa asiyejua, QT ni mtihani wa maarifa. Humfungulia njia ya kufanya Kidato cha Nne kama mtahiniwa binafsi mtu ambaye hakuvuka Kidato cha Pili shuleni. Wapo waliopita njia hiyo wakafika mbali. Lakini hiyo ni njia ya kurudi baada ya kutoka, na mtoto huyu alikuwa bado hajatoka.

Mjomba wa kijana, ambaye hakosi mechi, alishangaa dada yake anasita nini. "Dada, Samatta alisoma chuo gani?"

Hoja hiyo haipuuzwi. Mbwana Samatta alitoka Mbagala, akapita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani mwaka 2015, akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa ya Uingereza. Hakuna aliyemuuliza cheti. Mzazi akimwambia mtoto kwamba mpira haulipi, mtoto anamwonesha Samatta, na mzazi hana la kusema.

Mama wa vitenge alikuwa nalo. "Kaka, hao walioanza naye utotoni huko Mbagala, nitajie watano ninaoweza kuwasikia redioni leo." Mjomba alinyamaza. Kisha mama akasema jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo analielewa. Julai 2021 soko kuu lilipoungua, aliwaona waliokuwa wameweka mtaji wao wote ndani. Tangu hapo hajawahi kuweka mzigo wote sehemu moja. "Sikatai mpira. Nakataa mzigo mmoja."

Jumatano alikwenda shuleni kumwona mwalimu wa michezo, mtu aliyewahi kusafiri na timu za UMISSETA na aliyekuwa akifuatilia habari za ufadhili. Alitarajia kuambiwa amruhusu mtoto au amkatalie. Badala yake mwalimu aliomba aletewe ripoti zote tangu Kidato cha Kwanza. "Mama, kule ripoti inafika kabla ya mtoto," alimwambia.

Kocha wa Marekani anachagua vipi

Kwanza, neno lenyewe. Mzazi akitafuta mtandaoni ufadhili wa "football" Marekani, ataletewa mchezo mwingine kabisa, ule wa mpira wenye umbo la yai na kofia ngumu. Mpira wetu wao wanauita soka. Wazazi wengi hupoteza wiki nzima wakisoma masharti ya mchezo usio wao.

Pili, michezo ya vyuo vingi vikubwa husimamiwa na chama kiitwacho NCAA, chenye madaraja 3. Daraja la kwanza na la pili vyuo vyake vinaruhusiwa kutoa ufadhili wa michezo. Daraja la tatu hakuna ufadhili wa michezo, kuna misaada ya masomo na ya kipato tu.

Ili mchezaji aruhusiwe kucheza daraja la kwanza, kanuni ya jumla ni awe amesoma masomo 16 ya msingi sekondari na kupata wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4.0. Daraja la pili wastani ni 2.2. Masomo ya msingi ni Kiingereza, hisabati, sayansi, masomo ya jamii, lugha na mengine ya aina hiyo. Kipindi cha michezo hakihesabiwi. Masomo 10 kati ya hayo 16 yanatakiwa yakamilike kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, na 7 kati ya hayo 10 yawe Kiingereza, hisabati au sayansi.

Maana yake ni kwamba mtoto hawezi kucheza miaka mitatu halafu akazinduka mwaka wa nne na tuisheni ya usiku. Kwa mwanafunzi kutoka nje ya Marekani, NCAA huomba alama za kila mwaka kuanzia mwaka wa tisa wa shule. Kwa mtoto aliyesoma miaka saba ya msingi, mwaka wa tisa ni Kidato cha Pili. Yaani mwaka ule ule ambao mtu wa kambi alikuja na fomu.

Hapo ndipo somo la hisabati linapogeuka kuwa suala la mpira. Kwa miaka mingi ndilo somo lenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa Kidato cha Nne nchini. Mchezaji mwenye F ya hisabati anaweza kuwa bora uwanjani kuliko mwenye C, lakini mwenye C ndiye ambaye jina lake linabaki kwenye karatasi ya kocha.

Kwenye vyuo vya juu kabisa kitaaluma kizingiti kinapanda zaidi. Vyuo 8 vya Ivy League, vikiwemo Harvard, Yale na Princeton, havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Makocha wao husaka wachezaji kama wengine, lakini uamuzi wa mwisho ni wa ofisi ya udahili. Vyuo hivyo pia vina kipimo kinachounganisha alama za shule na za mitihani, na wanamichezo wanaoingizwa wanatakiwa wasiachane mbali na wanafunzi wengine. Kocha akimpata mchezaji mzuri mwenye alama za juu, anapata nafuu ya kumtetea mwingine mwenye alama za chini kidogo. Kijana wa namna hiyo hutafutwa kuliko mfungaji.

Na asiyepewa ufadhili wa michezo huko analipaje? Harvard, Yale na Princeton hazitazami kama mzazi ana fedha wakati wa kuamua nani aingie, hata kwa mwanafunzi wa nje, na akishaingia hugharimia pengo lote lililothibitishwa kati ya ada na uwezo wa familia. Mtoto wa muuza vitenge, akiweza kuingia, anaweza kusoma kwa gharama ndogo kuliko chuo cha kawaida kilichompa nusu ufadhili. Lakini neno zito hapo ni "akiweza kuingia". Mtihani wa SAT au ACT, ambao NCAA iliufuta kama sharti lake mwaka 2023, vyuo kama Harvard na Dartmouth vimeurudisha.

Ufadhili kamili ni nadra

Jambo la pili ambalo mwalimu alimweleza mama huyo liliondoa ndoto moja na kuleta hesabu. Mtaani watu husema fulani "amepata skolashipu" kana kwamba kila kitu kimelipwa. Kwa miaka mingi timu ya soka ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa jumla ya ufadhili 9.9 tu, na kocha aliugawa kwa kikosi kizima. Mmoja robo, mwingine nusu, mwingine hana kitu. Kuanzia msimu wa 2025/26 vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya havina tena ukomo huo, bali vina ukomo wa wachezaji 28 kikosini. Hata hivyo fedha za chuo hazijaongezeka kwa sababu ya sheria, na kugawana kunaendelea.

Ile nusu iliyobaki hulipwa na nini? Mara nyingi na msaada wa masomo, unaotolewa kwa alama. Kwa hiyo ripoti ya shule inafanya kazi mara mbili: inamruhusu mtoto kucheza, kisha inapunguza deni la mzazi.

Wenye binti wasiache kusoma hapa. Tangu sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali ya Marekani, vyuo vililazimika kuwapa wanawake nafasi za michezo. Wakati timu ya wanaume ilikuwa na ufadhili 9.9, ya wanawake ilikuwa na 14. Msichana anayesoma Jangwani Sekondari na kucheza mpira jioni ana mlango mpana kuliko kaka yake, na mara nyingi ndiye ambaye nyumbani haambiwi kuwa mlango upo.

Waliopita

Watanzania wamepita njia hii katika michezo mingine. Suleiman Nyambui alisoma na kukimbia Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo Sekondari, alikwenda Houston akakaa darasani sekondari huko kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA, Mtanzania wa kwanza kufika ligi hiyo.

Katika soka, majirani wametangulia. Lawrence Olum wa Kenya alipitia Missouri Baptist kabla ya kucheza Sporting Kansas City. Micheal Azira wa Uganda alipitia Chuo Kikuu cha Mobile, akacheza ligi kuu ya Marekani na timu yake ya taifa. Philip Mayaka, Mkenya, alitoka Chuo Kikuu cha Clemson na mwaka 2021 akawa wa tatu kuchaguliwa katika usajili wa ligi hiyo. Hakuna kati yao aliyetoka mchangani moja kwa moja hadi uwanja wa kulipwa. Kila mmoja alikaa kwanza kwenye dawati.

Na hapa nyumbani mfano wa kushika mbili upo. Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyocheza Kombe la Mataifa ya Afrika Lagos mwaka 1980, baadaye alikuwa mkurugenzi mtendaji wa Shirikisho la Wenye Viwanda na rais wa TFF kuanzia 2004 hadi 2013. Goti lilipochoka, kichwa kiliendelea na kazi.

Fomu, mawakala na mafuriko

Yapo mambo matatu yanayowaangusha watoto wenye mguu na alama pia.

La kwanza ni kusaini bila kuuliza. Michezo ya vyuo vya Marekani ina masharti kuhusu mikataba ya kulipwa na kuhusu muda mchezaji anaokaa akicheza baada ya kumaliza sekondari. Masharti hayo yamekuwa yakibadilika, hivyo mzazi asikariri aliyosimuliwa mwaka juzi. La muhimu ni kuomba nakala ya fomu, kulala nayo, na kumpa mtu anayeelewa aisome. Mwenye nia njema hatakataa kuacha nakala. Na umri uandikwe wa kweli. Anayempunguzia mtoto miaka miwili ili acheze timu ya vijana anatengeneza cheti cha kuzaliwa kitakachogombana na cheti cha shule mbele ya ofisa wa viza.

La pili ni wakala anayedai fedha kwanza. Kocha wa chuo halipwi na mzazi ili amwone mtoto. Anaweza kuandikiwa barua pepe moja kwa moja, na anwani yake ipo kwenye tovuti ya chuo. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam una huduma ya EducationUSA, inayotoa bure ushauri wa kusoma huko. Mzazi apite huko kabla ya kukopa kikoba ili kumlipa mtu aliyekutana naye uwanjani.

La tatu ni la Jangwani hasa. Bonde la Msimbazi likijaa maji, nyumba hupoteza godoro, friji na bahasha ya vyeti. Desemba 2011 mafuriko yalizikumba familia nyingi za bondeni, na baadhi zikahamishiwa Mabwepande. Ripoti ya Kidato cha Pili ikiondoka na maji, kuitafuta tena ni safari za ofisi na miezi ya kusubiri, wakati kocha anataka majibu wiki hii. Picha ya simu ya kila ripoti, iliyotumwa kwa ndugu wawili na kuhifadhiwa kwenye barua pepe, haina gharama. Nakala halisi ziwe kwenye mfuko wa plastiki, juu ya kabati.

Ijumaa

Mama wa vitenge hakusaini. Alimwambia mtu wa timu kwamba kijana atacheza jioni na likizo, na kambi itakayomtoa darasani asubiri hadi amalize Kidato cha Nne. Mtu yule aliondoka na fomu yake na hakurudi.

Kijana hakuongea na mama yake kwa karibu wiki mbili. Alikuwa akila na kuondoka. Rafiki yake mmoja alikwenda kambini, na picha zake zilikuwa zikimfikia kila siku: jezi mpya, viatu vipya, uwanja wenye nyasi. Mama alikiri kwa mwalimu kwamba usiku alijiuliza kama amemfungia mwanawe riziki. Hilo ni swali ambalo hakuna anayeweza kumjibu. Huenda mtoto huyo angekuwa mmoja kati ya wachache.

Walichoweza kufanya wote watatu ni kupanga siku. Mazoezi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hisabati Jumanne na Alhamisi kwa mwanafunzi wa chuo anayefundisha mtaani. Mjomba, aliyekuwa wa kwanza kutetea fomu, alipewa kazi ya kurekodi mechi kwa simu, maana kocha wa mbali ataomba video baada ya ripoti. Aliikubali kwa moyo wote. Muhula uliofuata F ya hisabati ilipanda hadi D. Si alama ya Harvard. Ni alama ya mtoto ambaye bado yumo.

Anza na unachoweza wiki hii

Mzazi mwenye mtoto wa Kidato cha Kwanza au cha Pili anaweza kuanza bila fedha. Akusanye ripoti zote na kuzipiga picha. Amuulize mwalimu wa hisabati na wa Kiingereza mtoto yuko wapi, kisha amuulize kocha swali hilo hilo. Kocha na mwalimu wapewe namba za simu za kila mmoja, ili mtoto asimtumie mmoja kumkwepa mwingine. Akikosa mazoezi kwa sababu ya jaribio, kocha ajue. Akifeli jaribio, kocha ajue pia, na amwambie mwenyewe. Neno la kocha kuhusu hisabati huingia kwa mtoto wa miaka 15 mahali ambapo la mama haliingii.

Na ikiwa Marekani haitatokea, kama ambavyo kwa wengi haitatokea, hakuna kitakachokuwa kimetupwa. Chuo kikuu hapa nchini kinataka angalau ufaulu wa masomo mawili ya Kidato cha Sita wenye jumla ya pointi 4. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na Malya kuna chuo cha maendeleo ya michezo. Klabu za Twiga na Msimbazi nazo zinahitaji madaktari wa timu, wachambuzi wa video, wahasibu na wanasheria wanaoujua mpira, na kazi hizo hupewa wenye vyeti.